Nyota nne kwa vijana wa matembezi ya ndege Malindi, ya tano imebaki kwenye darubini

Haya, nliahidi ntaandika na leo nimekaa naandika. Mlokuwa mkiniuliza kama ile safari ya nusu siku ya kuangalia ndege ina maana ama ni kutupa hela, mimi nshaenda, Jumamosi moja ya Januari, mimi na mpwa wangu wa miaka 12 ambaye sikuizi hana stori ingine ila ndege, ukimpigia simu salamu hazijaisha ashaanza kukupa habari za midomo na kucha. Nlilipa 2,500 yangu na 1,250 yake, bei ya wenyeji, tuktuk juu yao, maji juu yao, kula shauri yako.

Nianze na mabaya niyamalize, manake si mengi lakini yaliniuma. Tuliambiwa saa 12 kamili asubuhi, walifika saa 12 na dakika 35 na sababu ni ile ile ya kila siku, tairi. Mtaniambia nusu saa si kitu. Lakini kule tulikoenda ikifika saa 3 joto linapanda kutoka ardhini, hewa inacheza kama iliyo juu ya sufuria, ukimwangalia ndege kwa mbali waona kitu kinayumbayumba tu, kwa hiyo ile nusu saa ilikuwa nusu saa ya kuona vizuri na nlikuwa nshailipia.

La pili darubini. Walileta mbili za kuazimisha wateja, zote zimeandikwa 8x42, yani inavuta mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, na kwa kazi hii ndo saizi nzuri, ya mara 10 inavuta zaidi lakini mkono ukitetemeka na picha nayo yatetemeka. Namba hazikuwa na shida. Yangu ilikuwa na ukungu ndani ya kioo, ule ukungu wetu wa pwani unaoota kama utando wa buibui kitu kikifungiwa kabatini na chumvi yake, na ya mtoto lile gurudumu la kulengea lilikuwa linateleza, unalenga ukitoa kidole linarudi. Mtembezaji mwenyewe alikuwa na yake safi inang'aa. Nkamwambia, "kaka, mwenye kulipa aone ukungu na mwenye kulipwa aone ndege?" Akacheka mpaka akainama, akanivulia yake, na tangu hapo hadi tunarudi nliitumia mimi. Sa fikirieni mteja asiye na mdomo kama wangu. Nyota moja imeenda hapo na hairudi mpaka wanunue zingine.

Kuna moja la Mpesa ntalisema mwisho.

Sasa mazuri. Tangazo lao linasema watakuonesha "ndege waimbaji wa jangwani" na mimi nlicheka, jangwa gani Malindi? Sisi tuna bahari mbele, mto Sabaki kando, na minazi. Nkajua ni maneno ya biashara. Kumbe maana yake ni kwamba kuna ndege ambao kwao ni nchi kavu kavu, nyika tupu zisizo na miti na nusu jangwa, kuanzia huko Uturuki na kusini mwa Urusi mpaka Mongolia na kaskazini mwa China, huko ndo wanakozalia, halafu baridi ikianza wanashuka, wengine Pakistani na India, wengine Arabuni, wengine huku kwetu Afrika. Wanaingia kama Oktoba, Machi washaanza kuondoka, kama kaskazi na kusi ya zamani tu. Na wakifika hawataki mnazi wako wala bustani yako, wanatafuta pahala panapofanana na kwao, tambarare, mchanga, majani mafupi yaloliwa na ng'ombe mpaka yakaisha.

Tukavuka daraja la Sabaki, maji mekundu ya udongo kama kawaida, tukashuka kidogo upande wa mdomoni mto unapoingia baharini. Hapo hatukukaa sana. Heroe walikuwepo kwa mbali wamejipanga, kiboko tulisikia hatukumuona. Ila kwenye nyasi za pale alituelezea jambo nlokuwa silijui na umri wangu huu, kwamba kuna ndege mdogo wa hudhurungi mwenye michirizi kifuani ambaye jina lake la kisayansi ni Anthus melindae, yani wa Malindi, wa hapa kwetu, na duniani kote anapatikana pwani ya Kenya na Somalia tu. Mimi nimezaliwa hapa nimeolewa hapa, hakuna mtu alowahi kuniambia tuna ndege wa jina letu. Siku hiyo hatukumuona, mtoto alinuna mpaka Mambrui.

Tukaendelea mpaka tukapita Gongoni na mashamba ya chumvi, tukaacha lami, tukaingia malishoni. Tambarare, kichaka kimoja kimoja, mavi ya ng'ombe makavu na vichuguu. Tuktuk ikaachwa, tukatembea. Dakika 10 tu mtoto kapiga kelele, "Shangazi, shomoro!"

Mtembezaji hakusema si shomoro. Alimuuliza, "shomoro anasimama hivo?"

Na kweli, hapana. Huyu alikuwa juu ya kichuguu kasimama wima kama askari wa geti anayesubiri bosi apite, miguu mirefu myeusi, shingo juu. Halafu akashuka, akakimbia, hakuruka kama shomoro kwa vile vihopu vyake, alikimbia hatua hatua, akasimama ghafla, akainama akadona kitu, akasimama tena wima akatikisa mkia. Rangi yake ndo kichekesho, ni mchanga. Mgongo mchanga, kichwa mchanga, mabawa mchanga ulokoza kidogo, tumbo mchanga ulopauka. Ukitoa jicho kwenye darubini sekunde mbili umempoteza na yuko hapo hapo.

Mimi nkasema haya, jina lake nani tuandike twende kwa mwingine, manake kwenye kichwa changu hesabu ilikuwa ni ndege wangapi kwa 2,500. Na hapa ndo sababu ya mimi kuandika hii rivyu. Jamaa alikataa kutaja jina. Akasema, "dadangu, nikikutajia sasa ntakuwa nabahatisha, na wewe utakuwa umelipia bahati nasibu. Tungoje mkia."

Kungoja mkia! Tulingoja dakika 45, mimi mwanzo nshakasirika, jua hilo, lakini katika zile dakika 45 alitufundisha zaidi ya vile ambavyo ningejua kwa kutajiwa majina 30. Ntajaribu kueleza nlivyoelewa mimi muuza vitambaa, mkikuta kosa ni langu si lake.

Hawa ndege ni kabila moja, kisayansi Oenanthe, kiingereza chao wanaitwa witia, yaandikwa "wheatear". Nlidhani ina mambo ya ngano na masikio manake ndo inavosikika, kumbe wapi, ni maneno ya kale ya waingereza yalopindwa pindwa kwa aibu, asili yake ni "matako meupe". Wallahi. Mtoto alicheka akakaa chini. Na jina lina haki, manake karibu wote pale juu ya mkia kiunoni ni weupe pe, na mkia una mchoro mweusi kama herufi T ilogeuzwa kichwa chini. Ila akitulia hakuoneshi, amefunika na mabawa, ni mpaka aruke. Kwa huku kwetu akasema uwanjani unapigana na watatu hivi walofanana, hasa majike na wachanga, na kila mmoja anapaka ule weusi wa mkiani kwa kipimo chake. Mmoja ana utepe mwembamba na mguu wa T unaonekana wazi. Mwingine weusi unapanda pembeni kwenye manyoya ya nje ya mkia, na huyo anapenda kukaa juu ya vichaka. Wa tatu, tulokuwa tunamshuku, nusu nzima ya mkia ni nyeusi, utepe mpana, na mguu wa T mfupi hata hauhesabiki.

Mtoto akauliza basi yule wa jangwa kabisa kabisa je, manake yeye kasoma yuko mmoja anaitwa Oenanthe deserti. Akajibiwa huyo mkia wote mweusi karibu mpaka kiunoni, na makazi yake ya baridi ni Sahara na Arabuni na Pembe ya Afrika, huku pwani kwetu usimtegemee, mtu akikwambia kamuona Mambrui muombe picha. Nlipenda hilo. Mfanyabiashara mwingine angesema ndo huyu huyu, ungejuaje?

Yule wa kwetu jina lake ni Oenanthe isabellina, na hiyo isabela ni rangi. Mimi kwenye vitambaa nakaa na rangi siku nzima, krimu, beji, maziwa, kaki, lakini isabela sijawahi kuagiza. Ni ile manjano ya kijivu ya nguo nyeupe ilovaliwa ikachoka. Kuna hadithi ya malkia Isabela wa huko Ulaya aloapa hatobadilisha shati lake mpaka mji ulozingirwa uanguke, na mji ukachelewa kuanguka. Ni hadithi tu si historia, lakini nlipomwangalia tena yule ndege nliliona hilo shati.

Alama zingine alizotupa wakati tunangoja, kwa watakaoenda wenyewe bila kulipa mtu (nawajua). Angalia bawa akiwa ametulia. Kwa isabela bawa na mgongo rangi yakaribia kuwa moja, halafu pale kwenye kiungo cha bawa kuna manyoya madogo meusi, kama kidole gumba chake, na yale yanaonekana peke yake kama doa kwenye shuka. Kwa yule wa utepe mwembamba bawa lote limekoza kuliko mgongo, kwa hiyo doa halionekani, limepotea ndani ya weusi mwenzake. Nyusi, kuna mstari mweupe juu ya jicho, isabela wake umejaa na mweupe zaidi upande wa mbele ya jicho kuelekea mdomoni, mwenzake ni nyuma ya jicho ndo umejaa. Akiinua bawa, chini ya bawa isabela ni mweupe, mwenzake kijivu cheusi. Na umbo, isabela ni mkubwa kidogo, kama sentimita 16, kichwa na mdomo vizito, miguu mirefu, mkia unaonekana mfupi. Hakuna alama moja inayotosha peke yake, alisema hivo kama mara nne, mwanga wa asubuhi unampaka ndege yeyote rangi ya mchanga.

Mtoto akataka kurusha jiwe aruke tuone mkia tuondoke. Nami moyoni nlikuwa nshaliona hilo jiwe. Jamaa akakataa kwa upole, akasema huyu hapa ndo dukani kwake, ana kipande chake cha ardhi anakilinda peke yake msimu mzima, akiingia mwenzake anamfukuza, na anakula apate nguvu ya safari ya kurudi Machi, kila ukimrusha umemkatia mshahara.

Mkombozi akawa mzee mmoja mchungaji, katokea na ng'ombe kama 20 na mbuzi. Shikamoo mzee, marahaba, mwatafuta nini huku na watoto? Nkamwonesha. Akaangalia kwa macho yake matupu, hakuhitaji darubini, akasema, "huyo mgeni. Hana kiota huku. Mvua za vuli zikikaribia aja, mvua kubwa haimkuti. Ataka ng'ombe wapite wafukue wadudu." Basi pesa yangu nlikuwa nailipa tuambiwe alichokuwa anakijua mzee bure. Lakini ng'ombe wake ndo walofanya kazi, waliingia pale pale, yule ndege akaruka chini chini mbele yetu kama mita 30 hivi, na nkaona kwa macho yangu, nyeupe, halafu weusi mpana mzito nusu ya mkia, kama ulochovywa kwenye rangi mpaka katikati. Mtoto kapiga yowe, "isabela!" na safari hii jamaa akasema ndiyo, andika.

Sijui niseme vipi, ila ile "andika" ilikuwa tamu. Kama angenipa saa ile ya kwanza ningeshaisahau.

Na kama mita 300 mbele tukampata mwingine, na huyu nlimjua MIMI kabla ya mtoto. Bawa jeusi kuliko mgongo, doa hakuna, akaruka mwenyewe bila ng'ombe, T imenyooka na utepe mwembamba. Huyu ndo Oenanthe oenanthe na habari zake ndo zilinitoa jasho kuliko jua. Ana gramu 25 hivi, barua nene yamzidi. Watafiti waliwavisha baadhi yao huko Alaska, Marekani, kidude kidogo mgongoni kinachorekodi mwanga, manake saa jua linapochomoza na kuzama ndo inakwambia uko wapi duniani, wakawangoja mwaka ukazunguka wakawakamata tena wakasoma, na majibu yalitoka 2012. Walikuwa wamekuja Afrika Mashariki. Kilomita kama 14,500 kwenda, na kurudi vile vile, wakivuka Asia yote na Arabuni. Si kusema huyu wetu katoka Alaska, wenzake wengi ni wa Ulaya na Asia, lakini nlimtazama kwa adabu.

Sa mpwa wangu akauliza swali ambalo mimi nlikuwa nalisubiri kama mteja, "tangazo linasema waimbaji, mbona hakuna aloimba?" Haki yetu iko wapi. Jibu ni kwamba kundi lote hili wanaitwa waimbaji kwa vile koo lao lilivoumbwa, hata kunguru yumo humo humo msishangae, na nyimbo ni mambo ya nyumbani. Kule kwao dume la isabela linapanda hewani linaimba na linaiga sauti za ndege wengine, jike liko chini linakagua mashimo ya panya na kindi wa ardhini, manake wanataga ndani ya mashimo ya wanyama nyika zikiwa hazina miti. Huku hana mke wa kumwita, anatoa vilio vifupi vya kugombana tu. Mtoto alikuwa na Merlin kwenye simu, ile programu ya bure ya Cornell inayosikiliza ndege na kukutajia, na hapo haikuwa na cha kusikiliza, ndege mwenyewe kanyamaza itasaidia nini. Kama mnaenda kwa ajili ya kusikia nyimbo basi nendeni msitu wa Arabuko Sokoke alfajiri, si huku.

Chakula, tulisimama Gongoni tukala mahamri na mbaazi na chai ya maziwa, hiyo si ya hawa vijana kwa hiyo sitoi nyota lakini mbaazi zilikuwa nzito nazi imekubali. Tulirudi mjini saa 6 na nusu, nusu saa zaidi ya ahadi, kwa hiyo labda walinirudishia ile ya asubuhi bila kusema.

La Mpesa. Adivansi wanataka kwa simu na inalipika vizuri, lakini salio wanataka keshi mkononi na hakuna risiti. Mimi nlikuwa sina keshi, tukazunguka kutafuta wakala na tuktuk inanguruma. Waamue moja. Na waseme mapema watu waje na kofia na viatu vya kufunika, mtoto wangu alikwenda na ndala na miba ya kule haina huruma, mtembezaji alitoa miba mitatu kwa wembe na subira zote, hilo pia nimewahesabia.

Idadi ya ndege kwa wale wa hesabu, nlirudi na majina 14 kwenye daftari, nkasikia kuna kundi lingine siku hiyo hiyo Sabaki waliandika zaidi ya 50. Hongera zao. Mimi ile 14 nyote mkija dukani ntawaeleza moja moja kwa nini.

Tumeshaweka nafasi ya wiki ya mwisho ya Februari, kabla wageni hawajaondoka. Nimewaambia tairi waikague usiku. Darubini nakuja na yangu, ya mtoto nshaulizia bei na nshamwambia mamake, kanyamaza kama yule ndege.